Horace King: Fundi wa Madaraja Asiyeenea Kwenye Kibao

Kandokando ya barabara za Georgia na Alabama, kusini mwa Marekani, vimesimama vibao vya chuma juu ya nguzo, kila kimoja na kisa chake. Juu kuna nembo, chini yake kichwa, kisha aya moja au mbili za herufi zilizochomoza. Nafasi ni finyu: maneno mia moja hivi na kisa kimekwisha. Vingi vinahusu vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865, kati ya majimbo ya Kaskazini na ya Kusini. Jenerali huyu alipiga kambi hapa, kikosi kile kilivukia pale. Miaka ya 1950 Georgia ilisimika vya namna hiyo kwa mamia.

Katika miji ya mto Chattahoochee, ambao kwa sehemu kubwa ya mwendo wake wa kusini ndio mpaka wa majimbo hayo mawili, vipo pia vibao vinavyomtaja mtu wa namna nyingine. Jina lake Horace King. Alizaliwa mtumwa South Carolina mwaka 1807, akajenga madaraja ya mbao yenye paa, akaachwa huru 1846, akakaa katika bunge la Alabama baada ya vita, akafariki 1885 mjini LaGrange, Georgia. Hivyo ndivyo kibao kinavyoweza kumweleza, na hakuna uongo ndani yake. Taabu ni kwamba msomaji akishaisoma sentensi hiyo kutoka dirisha la gari ataondoka akidhani ameelewa, wakati kila kipande chake kimefunga fundo. Mtumwa alijengaje daraja kwa jina lake? Aliachwa huru na nani, kwa sheria ipi, na akabakije katika jimbo lililokuwa likiwafukuza walioachwa huru? Na kwanza kabisa, daraja la nini lipauliwe?

Hilo la mwisho ndilo jepesi, tuanze nalo.

Daraja la mbao halibebwi na sakafu unayoikanyaga. Linabebwa na kenchi mbili ndefu, moja kila upande wa njia, zinazotoka ukingo hadi ukingo au nguzo hadi nguzo. Fundi yeyote wa kupaua anaijua kenchi: pembetatu za mbao zinazosukumana na kuvutana hadi uzito wa juu unashuka pembeni. Tofauti ni kwamba kenchi ya nyumba hufichwa chini ya bati, ilhali ya daraja inakaa mvuani. Adui wake mkubwa ni maji yanayojipenyeza kwenye maungio, pale mbao mbili zinapokutana na hewa haipiti. Daraja lililoachwa wazi liliweza kuoza katika miaka kumi au ishirini. Likipigiliwa mbao kuta zote mbili na kuezekwa, liliweza kupita miaka mia. Basi paa lile halikuwa la msafiri wala la farasi wake, ingawa hadithi za farasi waliotulizwa kwa kutoona maji hupendwa sana. Paa na kuta ni vitu vya bei nafuu vinavyooza kwa niaba ya kenchi, na vikioza vinabadilishwa.

Kenchi aliyoitumia King kwa sehemu kubwa ya maisha yake haikuwa ubunifu wake. Ilikuwa ya Ithiel Town, msanifu majengo kutoka Connecticut, aliyeipatia hataza, yaani haki ya kisheria ya mbunifu, mwaka 1820. Kabla ya Town, daraja refu lilihitaji magogo makubwa yaliyochongwa kwa ustadi na mafundi wachache waliojua kuyaunganisha. Town aliachana na magogo. Alichukua mbao za kawaida za kiwanda cha msumeno, unene wa inchi tatu hivi, akazilaza mshazari kwa tabaka mbili zilizopishana, zikawa kama wavu wa mvuvi uliokazwa. Kila zilipokatana alitoboa tundu na kupigilia vigingi vya mwaloni. Chuma kilihitajika kidogo mno. Mbao moja ikivunjika, jirani zake zinaubeba mzigo hadi ibadilishwe. Na uzuri mwingine, ambao Town aliutangaza bila haya, ni kwamba kazi hiyo haikuhitaji bingwa kila hatua: msimamizi mmoja mwenye jicho na hesabu aliweza kuongoza kundi la watu wasio na ujuzi mkubwa. Inasimuliwa kwamba Town alidai dola moja kwa kila futi ya daraja, na dola mbili kwa aliyemkuta ameliiga bila ruhusa.

Soma tena sifa ile ya mwisho huku ukikumbuka ni nchi gani na mwaka gani. Mfumo unaotaka msimamizi mmoja hodari na mikono mingi inayotii uliingia Kusini na kukuta mikono hiyo imeshanunuliwa. Sidhani kwamba Town alikusudia hivyo, lakini ndivyo ulivyoenea.

King alizaliwa Septemba 1807 katika wilaya ya Chesterfield, South Carolina, mwenye damu ya Kiafrika, ya Kizungu na ya Wacatawba, wenyeji wa asili wa eneo lile. Yapata mwaka 1830 aliingia mikononi mwa John Godwin, mkandarasi wa Cheraw, mji ulio kando ya mto Pee Dee. Town naye alikuwa amejenga daraja la wavu kwenye mto huohuo katika miaka ya 1820, kwa hiyo inadhaniwa kwamba hapo ndipo King alipouona mfumo na kuujifunza. Hii inaeleweka zaidi kuliko simulizi nyingine inayozunguka, kwamba Godwin alimpeleka kusoma chuo cha Oberlin, Ohio. Oberlin kilianzishwa 1833. Mwaka mmoja kabla ya hapo King alikuwa tayari yuko mtoni na nyundo. Nadhani simulizi ya chuo ilizaliwa kwa sababu wapo waliopata tabu kuamini kwamba ujuzi wa aina ile unaweza kutoka kwenye kazi yenyewe.

Mwaka 1832 Godwin alipata zabuni ya kujenga daraja Columbus, Georgia, akahamia huko na King pamoja na watumwa wengine. Wakaweka makazi ng'ambo ya mto, Girard, ambapo leo ni sehemu ya Phenix City, Alabama. Daraja lilikamilika 1833 na hutajwa kuwa la kwanza kuunganisha Georgia na Alabama. Linaitwa daraja la maendeleo, na kwa wafanyabiashara wa pamba wa Columbus lilikuwa hivyo kweli. Ila upande wa pili wa mto, wakati mbao za kwanza zinachongwa, ilikuwa ardhi ya Wacreek, taifa jingine la wenyeji wa asili. Mwezi Machi mwaka huohuo wa 1832 mkataba uliotiwa saini Washington uliwafanya waachie ardhi yao ya mashariki ya mto Mississippi kwa ahadi kwamba kila familia ingegawiwa kipande chake. Walanguzi wa ardhi wakawavamia kwa hila na hati za uongo, na 1836 jeshi likawahamisha kwa nguvu kuelekea magharibi. Barabara ya walowezi ilipita juu ya daraja lile.

Sasa turudi kwenye neno ambalo kibao hulitumia bila kusita: King "alijenga". Hati ya zabuni ilikuwa na jina la Godwin. Ramani ya kenchi ilikuwa ya Town. Waliochimba misingi, kubeba mawe, kusimama majini kiunoni na kupigilia vigingi maelfu kwa maelfu walikuwa watumwa ambao majina yao hayamo popote barabarani. King alikuwa katikati ya hao wote: ndiye aliyepima, aliyepanga mbao, aliyesimamia usawa wa kenchi kabla haijavushwa, na aliyeitwa ilipoonekana ina kasoro. Katika lugha ya leo tungemwita mhandisi wa eneo la kazi. Katika lugha ya sheria ya wakati ule alikuwa mali. Godwin na King walijenga mahakama mbili pia, ya kaunti ya Muscogee upande wa Georgia na ya kaunti ya Russell upande wa Alabama, na ndani ya majengo ya namna hiyo ndimo hati za kuuza watu wa hali ya King zilimosajiliwa.

Kazi ziliwafuata. Walijenga West Point, wakajenga Eufaula, ambako mto ni mpana. Mafuriko ya 1841 yalipolichukua daraja la Columbus, ni wao walioitwa kulirudisha. Kufikia miaka ya 1840 King alikuwa akienda kazini mbali bila Godwin, hadi jimbo la Mississippi, akiwasimamia vibarua na kujadiliana na wateja. Mmoja wa wateja hao alikuwa Robert Jemison, tajiri wa Tuscaloosa na mwanasiasa, na huyu ana sehemu yake mbele.

Kabla ya hapo kuna jambo la 1837 ambalo kibao hakiwezi kulibeba. Mwaka ule uchumi wa Marekani uliporomoka, mabenki yakafunga milango, wadai wakaanza kukusanya walichoweza. Godwin aliuhamisha umiliki wake juu ya King kwenda kwa mkewe Ann na kwa mjomba wa mkewe, William Carney Wright wa Montgomery. Maelezo yanayoingia akilini ni kwamba alikuwa akimficha asichukuliwe na wadai. Kwa nini King na si mwingine? Kwa sababu ndiye aliyekuwa mtaji mkubwa wa kampuni. Wanaopenda kusimulia urafiki wa watu hawa wawili huliona tendo hilo kuwa ulinzi. Ni ulinzi, sawa, lakini ni ulinzi wa aina ambayo mtu humfanyia pia mashine yake ya kupasulia mbao.

Mwaka 1839 King alimwoa Frances Gould Thomas, mwanamke aliyekuwa huru. Ndoa hii ilikuwa na uzito wa kisheria kuliko inavyoonekana. Sheria za watumwa zilisema mtoto hufuata hali ya mama. Basi watoto wao watano, Washington, Marshall, John, Annie na George, wote walizaliwa huru, wakiwamo wale waliozaliwa baba yao akiwa bado ni mali ya mtu.

Kuachwa huru kwake mwenyewe ndilo fundo kubwa kuliko yote. Mtu wa Alabama hakuweza tu kuamka asubuhi na kumwandikia mtumwa wake uhuru. Sheria ya jimbo ya 1834 ilitaka tangazo na idhini ya hakimu wa kaunti, kisha aliyeachwa huru alipaswa kuondoka Alabama ndani ya miezi kumi na miwili asirudi. Shabaha yake iko wazi: serikali ya wenye watumwa haikutaka mtu mweusi huru aonekane mitaani akila jasho lake, kwa sababu kila aliyemwona angejiuliza swali. Kwa King, kufuata sheria hiyo kungemaanisha kupata uhuru na kupoteza wateja, mito na mke kwa mpigo mmoja.

Njia ya kupita ilikuwa moja, bunge la jimbo litunge sheria kwa ajili ya mtu mmoja kwa jina. Hapo Jemison, aliyekuwa na kiti katika bunge hilo, akaingia. Februari 1846 bunge la Alabama lilipitisha sheria iliyomwacha Horace King huru na kumruhusu kubaki. Wengi husimulia kwamba alijinunua kwa akiba yake, wengine kwamba Godwin alimpa uhuru kwa hisani. Mimi naegemea kwa wa kwanza, kwa kuwa Godwin wa miaka ile hakuwa na ukwasi wa kugawa. Na wabunge waliopiga kura ya ndiyo hawakuwa wamebadili mawazo kuhusu utumwa. Walihitaji madaraja. Mteja mkubwa wa madaraja alikuwa mwenzao, na pamba haivuki mto kwa kuogelea.

Baada ya hapo King alifanya kazi kwa jina lake. Desemba 1849 jengo la bunge mjini Montgomery liliungua, na wakati wa kulijenga upya 1850 na 1851 alipewa kazi ya kiunzi cha mbao. Ngazi mbili za mzunguko zilizomo humo, ambazo zinapanda bila nguzo ya kuzishika katikati, zinahusishwa naye. Katikati ya miaka ya 1850 alijenga daraja la Moore, kwenye Chattahoochee karibu na Whitesburg, Georgia, na badala ya kulipwa fedha taslimu akachukua hisa. Wavukaji walilipa ushuru, naye akapata sehemu. Frances na watoto walihamia huko 1858. Uhuru wao haukuwa kamili hata hapo, maana sheria ya Georgia ilimtaka kila mtu mweusi huru awe na mlezi Mzungu. Mtu akiwa na hisa kwenye daraja bado alihitaji mlezi.

Kisha kuna jiwe. Godwin alifariki 1859 akiwa hana mali ya kutajika. King alimwekea kaburini, Phenix City, nguzo ya kumbukumbu yenye maneno yanayosema kwamba jiwe hilo limewekwa na Horace King kwa ukumbusho wa kudumu wa upendo na shukrani alizokuwa nazo kwa rafiki yake aliyeondoka, aliyekuwa zamani bwana wake. Hakuna sehemu ya maisha ya King iliyonukuliwa zaidi ya hii, na si vigumu kuona sababu. Baada ya vita, wasimulizi wa Kusini waliokuwa wakitafuta ushahidi kwamba utumwa haukuwa mbaya hivyo walilipata jiwe lile likiwa tayari limeandikwa. King aligeuka mtumwa mwaminifu anayelia kaburini, na madaraja yakawa mapambo ya kisa.

Sina haja ya kudai kwamba King aliandika uongo. Watu wawili waliofanya kazi bega kwa bega kwa takriban miaka thelathini wanaweza kupendana, hata kama mmoja aliwahi kuwa na hati ya mwenzake sandukuni. Ila jiwe ni jambo la hadharani. Mwaka 1859, miaka miwili kabla ya vita, mtu mweusi huru anayeishi kwa idhini maalumu ya bunge na kutafuta zabuni kwa Wazungu alikuwa na kila sababu ya kuonekana mtu wa shukrani. Jiwe lilimheshimu marehemu na likamlinda aliye hai. Yote mawili yanaweza kuwa kweli, na mtu anayechagua moja tu huwa amekuja na jibu lake mfukoni.

Vita vilimharibia. Alikuwa kinyume na kujitenga kwa majimbo ya Kusini, lakini Shirikisho la Kusini lilihitaji mafundi na halikumpa nafasi ya kukataa: alifanyishwa kazi ya kuweka vizuizi mto Apalachicola ili meli za Kaskazini zisipande, na kutoa mbao kwa karakana ya meli za kivita Columbus. Julai 1864 wapanda farasi wa Kaskazini walilichoma daraja la Moore. Frances alifariki mwaka huohuo. Aprili 1865, wiki moja baada ya Lee, jenerali wa Kusini, kusalimu amri Virginia, vita vilifika Columbus na madaraja ya mji yakateketea. Mtu aliyeyajenga akaitwa tena kuyajenga. Kibiashara miaka hiyo ya baada ya vita ilikuwa mizuri kwake, kwani nchi nzima ilikuwa imekatika.

Ubunge nitaupita haraka, kama yeye mwenyewe alivyofanya. Alichaguliwa 1868 kuiwakilisha kaunti ya Russell kwa tiketi ya chama cha Republican, akachelewa hata kwenda kukalia kiti, akarudishwa 1870, akaondoka 1872. Hakuwa msemaji. Kilichonivutia ni jengo tu: alikuwa akienda kutunga sheria katika nyumba ambayo ngazi zake zinatajwa kuwa kazi ya mikono yake, na ambamo, Februari 1861, Shirikisho la Kusini lilianzishwa ili watu kama yeye wabaki mali.

Mwaka 1872 alihamia LaGrange. Wanawe walikuwa wameshaingia kazini na kufanya kampuni ya familia, wakijenga madaraja, nyumba na majengo ya shule. Alifariki tarehe 28 Mei 1885.

Anayetaka kuona kazi yenyewe leo atakutana na fundo jingine, la nani alijenga lipi. Georgia, iliyokuwa na madaraja yenye paa zaidi ya mia mbili mwishoni mwa karne ya 19, sasa ina chini ya 20. Daraja la Red Oak Creek, kaunti ya Meriwether, ndilo linaloaminiwa kuwa kongwe kuliko yote jimboni, na kwa mapokeo ni la King, la miaka ya 1840. Sehemu yake yenye paa ina urefu wa mita 35 hivi, na pamoja na njia zake za kuingilia hukaribia mita 120. Ni kenchi ya wavu ya Town, na linafanana na kazi zake. Lakini kufanana si saini: mfumo ule ulikuwa wazi kwa yeyote aliyelipa, au asiyelipa. Madaraja makubwa aliyoyajenga kwa hati zinazofahamika, yale ya Chattahoochee, yote yamekwenda, kwa mafuriko, kwa moto au kwa chuma na zege vilivyokuja baadaye.

Kwa uhakika zaidi tuna kazi za mwanawe wa kwanza, Washington King. Lipo la Watson Mill la 1885, mita 70 hivi, refu kuliko yote yenye paa yaliyobaki Georgia. Lipo la Euharlee la 1886. La tatu alilijenga 1891 mjini Athens juu ya mto Oconee, na miaka ya 1960 lilifunguliwa na kuhamishiwa kwenye bustani ya Stone Mountain, nje ya Atlanta, ambako watalii hulivuka kwenda kisiwani. Juu ya mwamba wa bustani hiyohiyo wamechongwa viongozi wa Shirikisho la Kusini, Jefferson Davis, Robert E. Lee na Stonewall Jackson, wakiwa juu ya farasi, mchongo uliomalizika 1972.